Kilo za wiki 12 za kwanza: mwili wa kijana anayeanza dawa za saikosisi

Siku kijana anapopewa dawa yake ya kwanza ya saikosisi, hakuna mtu chumbani anayewaza kiuno chake. Nyumba imekesha wiki kadhaa, kijana anasikia sauti au anaamini kuna watu wanamfuatilia, na mlezi ana ombi moja tu: atulie, alale. Kosa la kwanza hufanyika hapohapo, tena na watu wenye nia njema kabisa. Dawa inaanza, mwili haujapimwa.

Ubaya wake hujitokeza mwezi wa tatu, suruali zikikataa kufunga. Mlezi anasema mtoto amenenepa mno, daktari anauliza ameongezeka kilo ngapi, wote wanatazamana. Sukari ikipimwa inatoka juu kidogo. Je, ilikuwa hivyo tangu mwanzo, au imepandishwa na dawa? Hakuna wa kujibu, na bila jibu hilo ni vigumu kuamua kama dawa ibadilishwe au la.

Kwa hiyo kabla ya kidonge cha kwanza, au ndani ya siku chache kama hali ni ya dharura, ziandikwe namba hizi: uzito, urefu, mzunguko wa kiuno, presha, sukari ya asubuhi kabla ya kula, mafuta ya damu, na TSH, yaani kipimo cha tezi ya thairoidi. TSH hairukwi, kwa sababu tezi iliyolegea au inayofanya kazi kupita kiasi inaweza yenyewe kuleta huzuni nzito, wasiwasi, hata kuchanganyikiwa. Iandikwe pia nani katika ukoo ana kisukari au alipata ugonjwa wa moyo mapema. Kwa msichana, tarehe ya hedhi ya mwisho na kipimo cha ujauzito. Kama dawa iliyochaguliwa ni risperidoni au ndugu zake, kipimo cha mwanzo cha prolaktini, homoni inayochochea maziwa, kitaokoa mabishano mengi baadaye.

Kijana akikataa sindano siku hiyo, chukueni vile visivyohitaji damu, damu isubiri wiki moja au mbili. Kumshika kwa nguvu humfundisha kuiogopa kliniki, na kliniki ataihitaji kwa miaka.

Kiuno kina namna yake ya kupimwa, na wengi hukosea kwa kupima pale mkanda unapokaa. Papasa ubavu wa mwisho wa chini, kisha papasa mfupa wa nyonga unapoanzia juu. Tepu ya fundi cherehani ipite katikati ya hapo, juu ya ngozi na si juu ya shati, ilale sawa mgongoni na tumboni. Kijana apumue kawaida, usome namba pumzi inapoisha kutoka, tepu ikigusa bila kubana. Gawanya kiuno kwa urefu, vyote kwa sentimita. Ikifika 0.5 au kupita, mafuta yameanza kujaa tumboni, na hayo ya tumboni ndiyo yanayosumbua insulini. Uzito upimwe kwa mizani ileile, asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, kwa nguo nyepesi. Mizani ya kliniki na ya nyumbani zinaweza kutofautiana kilo nzima, na hapa kilo moja ni habari kubwa.

Angalizo la BMI, yaani uzito wa kilo uliogawanywa kwa urefu wa mita mara mbili: mipaka ya 25 na 30 ni ya watu wazima. Kijana husomwa kwa chati ya umri na jinsia, kwa kuwa anatarajiwa kuongezeka anapokua. Tumekuta mafaili ya watoto wa miaka 14 yenye BMI ya 23 na neno "kawaida" pembeni, ilhali kwa chati yao walishavuka mstari.

Halafu inakuja njaa.

Watu wazima hunenepa kwa dawa hizi, lakini vijana wananenepa haraka zaidi, hasa ambao hawajawahi kuzitumia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulifuatilia watoto na vijana wa miaka 4 hadi 19 walioanza dawa hizi kwa mara ya kwanza. Kwa muda wa karibu wiki 11 tu, waliotumia olanzapini waliongezeka wastani wa kilo 8.5, kwetiapini 6.1, risperidoni 5.3 na aripiprazoli 4.4. Wenzao wasiotumia dawa waliongezeka kilo 0.2. Tazama hiyo ya aripiprazoli. Ndiyo inayosifiwa kuwa nyepesi kwa uzito, na ni kweli ukiilinganisha na olanzapini, lakini kwa kijana anayeanza nayo inahitaji mizani.

Sababu haiko kwenye tabia ya kijana. Olanzapini na klozapini huziba vipokezi vya histamini na vya serotonini ambavyo kwa kawaida huuambia ubongo kwamba mtu ameshiba. Ujumbe wa kushiba haufiki. Anamaliza sahani, baada ya nusu saa anatafuta tena, na wala hatanii. Dawa hizi pia zinaweza kuvuruga kazi ya insulini moja kwa moja, ndiyo maana sukari hupanda hata kwa baadhi ya wale ambao mizani haijasogea sana.

Wiki nne za kwanza zina mtego mwingine, na ni wa lugha. Kijana aliyekuwa amekonda kwa ugonjwa anaanza kujaa mashavu, na kila anayemwona anasema amenawiri. Mlezi anapumua. Kilo zinahesabiwa kuwa ni kupona, na hakuna anayetaka kuharibu furaha hiyo kwa mizani. Kurudisha uzito uliopotea kwa ugonjwa ni jambo jema, kweli, lakini lina mwisho wake, na mwisho huo hujulikana tu kama uzito wa kabla ya kuugua umeandikwa mahali.

Namba ya kuiandika ukurasa wa kwanza wa daftari ni asilimia 5 ya uzito wa mwanzo. Kijana wa kilo 52 ana kilo 2.6 za kuchezea, kwa hiyo andika 54.6 kwa kalamu nyekundu. Akiifikia kabla mwezi haujaisha, msisubiri tarehe ya kliniki. Ongezeko la zaidi ya asilimia 5 katika mwezi wa kwanza ni mojawapo ya dalili bora tulizo nazo kwamba uzito utaendelea kupanda, na kuuzuia ni rahisi mno kuliko kuushusha. Mwezi wa kwanza upimwe kila wiki. Baada ya hapo angalau wiki ya 8 na ya 12, kisha kila miezi mitatu.

Njaa ya usiku inataka mipango yake. Dawa inayonywewa jioni huamsha hamu ya kula baada ya saa chache, na hiyo ndiyo saa watu wazima wamelala. Kufunga jiko kwa kufuli ni kosa ambalo familia nyingi hulifanya na kulijutia: kijana anajifunza kula kwa siri, anaona aibu, na mnapoteza habari ya anachokula. Kinachosaidia ni sehemu ya chakula cha usiku iliyotengwa mapema, yenye protini na mboga, kijana akijua ni yake na ataikuta. Vitu vitamu visiwepo nyumbani kabisa, kwa mtu yeyote. Ndugu watanung'unika wiki mbili, halafu watazoea.

Vinywaji vinahitaji jicho kali kuliko chakula. Baadhi ya dawa hizi hukausha mdomo, na kijana mwenye mdomo mkavu hunywa soda na juisi kutwa bila kuhisi amekula kitu. Lithiamu, inayotumika kwa baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, nayo huleta kiu ya kweli na mkojo mwingi. Hapo maji asinyimwe kamwe, kwa sababu kukaukiwa maji hupandisha kiwango cha lithiamu mwilini hadi kuwa sumu. Kiu ya tatu ndiyo ya hatari: ya kisukari. Ukiona kiu isiyokatika, kukojoa mara nyingi hata usiku, uzito unaoshuka wenyewe baada ya kupanda, kutapika, maumivu ya tumbo au kupumua kwa nguvu na kwa kina, huo ni mwendo wa hospitali usiku huohuo, sukari na ketoni (asidi zinazotoka mwili unapochoma mafuta badala ya sukari) zipimwe. Usimruhusu mtu akuambie ni wasiwasi wa ugonjwa wake wa akili. Asidi ya kisukari inaweza kumpata kijana anayetumia olanzapini au klozapini hata kama hajanenepa.

Kuhusu mazoezi na lishe, ushauri wa mdomo hautoshi. "Punguza kula, fanya mazoezi" ni sentensi ambayo haijawahi kumpunguza mtu ambaye ubongo wake haupati habari ya kushiba. Mjini Sydney, Australia, kliniki moja iliwapa vijana wa miaka 14 hadi 25, ndani ya wiki chache tangu waanze dawa, mpango wa wiki 12 wenye mtaalamu wa lishe, mtaalamu wa mazoezi, muuguzi, na vijana wenzao waliowahi kupitia ugonjwa huohuo. Waliongezeka wastani wa kilo 1.8, na kundi lililopata huduma ya kawaida likaongezeka 7.8. Makundi yalikuwa madogo, lakini somo liko kwenye muda. Kazi ilianza pamoja na dawa, haikungoja mtu anenepe kwanza. Wengi hawana timu kama hiyo. Basi chukueni umbo lake: mtu mmoja wa kuandamana na kijana, kutembea haraka kwa dakika 30 siku nyingi za wiki, saa ileile, na miadi yenye tarehe. Kijana aliyelewa usingizi wa dawa asubuhi asidaiwe mazoezi ya asubuhi. Mwulizeni daktari kama dozi inaweza kusogezwa mapema jioni, mpange kutembea alasiri.

Mizani ikikaidi, kuna metformini. Ni dawa ya kisukari, inayoruhusiwa kwa kisukari cha aina ya pili kuanzia miaka 10, na madaktari huitumia nje ya idhini hiyo kuzuia uzito unaoletwa na dawa za saikosisi. Mwendo wa kawaida ni miligramu 500 kwa siku pamoja na chakula, kuongeza 500 kila baada ya wiki moja au zaidi, bila kupita 2000, na figo zikiwa zimepimwa. Kinachowaharibia wengi ni haraka. Ukipandisha dozi upesi tumbo linachafuka, kijana anaharisha shuleni mara moja tu, na hatairudia tena. Ile inayoyeyuka polepole huvumilika zaidi. Akitapika au kuharisha sana kwa ugonjwa mwingine, isimamishwe kwa muda na daktari aambiwe. Ikitumika muda mrefu, vitamini B12 iangaliwe. Usitarajie miujiza: huwa inapunguza kilo chache, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema.

Njia nyingine ni kubadili dawa yenyewe. Aripiprazoli na lurasidoni ni nyepesi zaidi kwa uzito, lakini kila moja ina masharti yake. Aripiprazoli inaweza kuleta hali ya kutotulia, kijana akizunguka chumba na kutikisa miguu, na mlezi akadhani ugonjwa umerudi. Lurasidoni inywewe na mlo wenye angalau kalori 350, la sivyo sehemu kubwa yake haiingii mwilini. Tumeshuhudia dawa hii ikilaumiwa kuwa haifanyi kazi, kumbe inamezwa na maji matupu wakati wa kulala. Mabadiliko hufanywa polepole, ya zamani ikishuka huku mpya ikipanda kwa wiki kadhaa, na si wakati wa mitihani. Pia kuna vijana ambao klozapini pekee ndiyo iliyowarudishia akili yao. Hapo hakuna kubadili, kuna kulinda mwili kwa nguvu zote.

Wiki ya 12 damu hutolewa tena. Mipaka ya kukumbuka ni hii: sukari kabla ya kula ikifika 5.6 mmol/L (100 mg/dL) ni onyo, ikifika 7.0 (126) ni kiwango cha kisukari na hupimwa tena kuthibitisha. Trigliseridi, aina mojawapo ya mafuta ya damu, kuanzia 1.7 mmol/L ni nyingi. HDL, ile kolesteroli nzuri, chini ya 1.03 ni ndogo. HbA1c ni kipimo kizuri, hakihitaji kufunga, lakini hubeba wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, hivyo katika wiki za mwanzo kinachelewa kusema ukweli. Tena hudanganya kwa mwenye selimundu au upungufu wa damu. Kwa hao tumieni sukari yenyewe. Kama fedha hazitoshi kwa vyote, tepu, mizani na presha hazikosi kamwe, kisha sukari, kisha mafuta. Ombeni damu yote itolewe asubuhi moja. Gharama inayochosha familia mara nyingi si ya maabara. Ni siku za shule na kazi zinazokatwa vipandevipande.

Sasa homoni, ambazo hazizungumzwi kwa sababu ya aibu.

Dopamini, kemikali ya ubongo, ndiyo inayoizuia tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo isimwage prolaktini. Dawa inayoziba dopamini kwa nguvu huondoa kizuizi hicho. Risperidoni, paliperidoni, amisulpridi na haloperidoli ndizo zinazoongoza, olanzapini kidogo, kwetiapini na klozapini mara chache, aripiprazoli huishusha. Prolaktini ikipanda, hedhi huruka miezi au hukoma, matiti ya msichana hutoa maziwa, matiti ya mvulana huvimba na kuuma, hamu na nguvu za kiume hupungua. Sasa fikiria mvulana wa miaka 16 anayeona kifua chake kinaota matiti. Hatamwambia mama. Ataacha mpira, atavaa sweta kwenye joto, na siku moja ataacha dawa kimyakimya. Kisha atalazwa, na faili litaandikwa "hatumii dawa" bila mtu kuuliza kwa nini.

Kwa hiyo aulizwe na daktari, faraghani, kwa maneno ya wazi: kifua kinauma? Kimevimba? Kuna majimaji yanatoka? Hedhi ilikuja lini? "Una tatizo lolote?" huzaa "hapana" kila mara. Mlezi kazi yake ni kutoka chumbani bila kusubiri kuombwa.

Damu ya prolaktini itolewe asubuhi, saa mbili tatu baada ya kuamka, kijana akiwa amekaa ametulia, na kabla ya dozi ya asubuhi kama anayo; usingizi, hofu na mazoezi huipandisha. Someni kipimio kwenye karatasi. Maabara moja huandika ng/mL na nyingine mIU/L, na 1 ng/mL ni kama 21 mIU/L. Familia imewahi kulia usiku kucha kwa namba 900 ambayo, kwa kipimio kingine, ilikuwa kama 43. Kwa msichana ambaye hedhi imekoma, ujauzito uondolewe kwanza kabla ya kuilaumu dawa, na TSH iangaliwe, kwani thairoidi iliyolegea nayo hupandisha prolaktini. Maumivu ya kichwa yasiyoisha au macho kupoteza uwezo wa kuona pembeni huhitaji picha ya pituitari.

Prolaktini iliyo juu kidogo bila dalili yoyote inaweza kusubiri na kupimwa tena. Hedhi iliyokoma miezi haisubiri. Estrojeni ikishuka mifupa hukosa mlinzi wake, na ujana ndio wakati ambapo mifupa hujengwa. Deni la miaka hiyo halilipiki vizuri baadaye. Madaktari hupunguza dozi, hubadili dawa, au huongeza aripiprazoli kidogo juu ya ile iliyopo. Njia hii ya mwisho mara nyingi huishusha prolaktini bila kuvuruga akili iliyokwisha kutulia. Na hapa pana jambo linalosahaulika: dawa ikibadilishwa, yai linaweza kupevuka kabla hedhi haijaonekana. Msichana aliyezoea kwamba hapati siku zake anaweza kupata mimba mwezi huohuo. Mazungumzo ya uzazi wa mpango yaje kabla ya mabadiliko.

Valproeti, dawa ya kifafa inayotumika pia kwa baipola, ina sura yake. Huongeza uzito, na kwa wasichana inahusishwa na ovari zenye vifuko, hedhi zisizo na mpangilio, chunusi na nywele za kidevuni. Zaidi ya hayo, takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokutana nayo tumboni huzaliwa na kasoro kubwa. Msichana aliyebalehe akiandikiwa valproeti, mlezi ana haki ya kuuliza kwa nini si dawa nyingine, na kuuliza tena. Lithiamu nayo huilegeza thairoidi: TSH, figo na kalsiamu kila miezi sita. Kijana wa lithiamu anayelala sana, anayenenepa na kuhisi baridi apimwe TSH kabla ya kuongezewa dawa ya huzuni.

Sigara pia iandikwe daftarini. Moshi wake hulifanya ini liondoe klozapini na olanzapini haraka. Kijana akiacha ghafla, kiwango cha dawa hupanda na usingizi unamzidi, hivyo daktari ajue tarehe ya kuacha ili dozi ipunguzwe.

Miaka ikienda, kijana atafika 18 na kuhamishiwa kliniki ya watu wazima, na hapo ndipo namba hupotea. Faili hubaki kulikotoka, mpya hufunguliwa na uzito wa siku hiyo, kilo 20 za ziada zikiandikwa kama mwanzo wake. Nakilini ukurasa wa kwanza wa daftari kwa mkono: uzito, urefu na kiuno vya kabla ya dawa, sukari na mafuta ya mwanzo, prolaktini ikiwepo, kila dawa na tarehe ilipoanza na kuachwa, na kwa nini iliachwa. Kijana mwenyewe ndiye aukabidhi, mezani, siku ya kwanza, kabla hajapanda kwenye mizani yao.